Ulizia jogoo kwanza: niliyojifunza kwenye kutotolesha mayai nyumbani hapa Tabora

Watu wakisikia natotolesha vifaranga hapa nyumbani Ipuli swali la kwanza ni mashine nimenunua bei gani, la pili inabeba mayai mangapi, la tatu umeme ukikatika nafanyaje. Mayai nayatoa wapi, hakuna anayeuliza. Na hapo ndo penyewe. Kwa nilivyoona mi mwenyewe, sehemu kubwa ya mayai yanayogoma yameshaharibika kabla hayajagusa mashine, yameharibikia bandani kwa mwenye kuku, au juu ya bodaboda, au kwenye kibaraza cha mchuuzi juani, af mashine ya watu inakuja kulaumiwa bure.

Tuanze na mayai ya trei, haya ya kisasa ya dukani. Hayo achana nayo kabisa. Kuna jirani yangu alinunua mashine mpya, ile ndogo ya plastiki ya kichina, njiani akapitia dukani akachukua trei nzima ya mayai makubwa mazuri ya kahawia akapanga, siku 21 zikaisha, akasema labda yamechelewa akaongeza siku nyingine mbili tatu, wapi. Akawa anamsema vibaya kijana aliyemuuzia mashine. Nikamwambia shoga yangu, hao kuku waliotaga hayo mayai hawajawahi kumuona jogoo tangu watotolewe! Kuku hahitaji jogoo ili atage, akifika umri wake na chakula kipo atataga tu, jogoo anahitajika ili yai liwe na mbegu. Wenye mabanda ya kuku wa mayai hawaweki jogoo maana anakula na hatagi, hasara tupu. Mwanzoni nilishangaa mtu mzima asijue hilo ila baadae nimegundua wengi hawajui, hasa waliokulia mjini yai wanalijua kuanzia dukani kuja kwenye kikaango.

Af kuna mayai ya kienyeji ya sokoni. Haya mengi yake yana mbegu maana kijijini kuku na majogoo wanazurura pamoja kutwa, shida yake ni nyingine. Mchuuzi anapita nyumba kwa nyumba, hapa mawili, pale manne, kwa mama fulani kuna kuku anatagia nyuma ya gunia la mahindi yapo sita, anajaza ndoo yake taratibu mpaka siku ya mnada ndo anakuja nayo. Sasa kwenye ndoo hiyo moja kuna yai la jana na kuna yai la wiki mbili na zaidi na kwa macho yote sawa tu. Yai la kutotolesha linatakiwa liwe ndani ya siku 7 toka litagwe, ukivuka hapo uwezo unashuka kila siku, 10 bado unaweza kujaribu, ukifika wiki mbili hiyo sasa ni kamari. Na mengine yameshalaliwa tayari, mama wa watu kamnyanyua kuku juu ya mayai kwa sababu anataka hela ya chumvi na sabuni, yai limepata joto siku tatu nne af likapoa, limekufa hilo na we unalipa hela huku unacheka.

Ndo maana mi sasa hivi nafata kwa bibi mmoja kijijini huko Uyui. Sio ndugu yangu, nilielekezwa na kijana wa bodaboda anayetuletea mkaa. Siku ile nimefika nikapewa kigoda, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, za huko mjini, tukaongea mvua kwanza, tukaongea tumbaku na wanunuzi wake, nikaona sasa muda umefika nikaingiza habari ya mayai nikamuuliza bibi una majogoo wangapi. Akacheka.

"Wenzio wakija wanauliza mayai, we unauliza jogoo?"

"Nataka nikatotoleshe bibi, sio nikakaange."

"Ahaa. Basi wapo wawili, yule mwekundu pale na mwanae huyu. Ila huyu mdogo namchinja Idi, kila siku anagombana na baba yake."

"Na mitetea?"

"Inakaribia ishirini hivi. Wengine wamelalia huko ndani."

Nikamwambia bibi usimchinje kwanza. Hesabu inayojulikana ni jogoo 1 kwa mitetea kama 10, wakizidi sana hapo wapo ambao hatawafikia, na huyo mwekundu alikuwa ameshaanza uzee. Majogoo wakizidi nao ni balaa, wanapigana kutwa nzima na mitetea inachunwa migongo hakuna cha maana kinachofanyika. Kuna vitu viwili naangaliaga kwa jogoo siku hizi bila hata kuuliza. Miguu yake, maana jogoo anayechechemea au mwenye vidole vilivyopinda anashindwa kupanda hata awe na umbo zuri namna gani. Na migongo ya mitetea, ukiona manyoya ya mgongoni yamechakaa kidogo kidogo ujue jogoo yuko kazini, ila wakiwa wamebaki ngozi tupu hapo anawaumiza.

Kitu kingine ambacho kinawachanganya watu, mbegu ya jogoo inakaa ndani ya mwili wa mtetea, kwa hiyo hata jogoo akichinjwa leo kuku ataendelea kutaga mayai yenye mbegu wiki nzima na wengine mpaka wiki mbili. Na kinyume chake pia, ukileta jogoo mpya wa aina kubwa usikimbilie mayai ya wiki hiyo hiyo ukategemea watoto wake, bado yule wa zamani yumo humo, mtoe wa zamani kabisa kwenye kundi na upe wiki tatu ndo uanze kukusanya.

Sasa utajuaje mayai ya kundi hilo yana mbegu kabla hujabeba? Vunja. Nilimuomba bibi nivunje machache kwenye sahani, nimlipe kama yale mengine. Juu ya kiini kuna kidoa cheupe, kila yai linacho hata la kisasa. Kwenye yai lisilo na mbegu kidoa ni kidogo, kimejaa weupe kote, na pembeni hakina umbo la kueleweka. Kwenye yai lenye mbegu kidoa kimepanuka kidogo, duara safi, weupe uko pembeni kwa kuzunguka na katikati pamekaa wazi, kama ile senti ya zamani yenye tundu. Uegemeze sahani kwenye mwanga wa mlangoni utaiona vizuri tu kwa macho. Bibi na miaka yake yote ya kufuga alikuwa hajawahi kuangalia hilo, akaita wajukuu waje waone, wakajaa pale wanasukumana, af akayakaanga na nyanya tukala. Yote yalikuwa nayo. Ukivunja machache ukakuta mawili matatu hayana basi jua na kwenye ulichobeba hali ni hiyo hiyo.

Kuhusu aina gani ya kuku, kila mtu na yake. Huku kwetu kuna singamagazi, kuku mkubwa mwenye mwili, na kuna kuchi wale warefu wa shingo, hao wote wa asili ukitotolesha mayai yao unapata watoto wanaofanana na wazazi. Ila jihadhari na mtu anayekuuzia mayai ya Kuroiler au Sasso aliyofuga mwenyewe nyumbani na anakwambia watoto watakuwa vilevile. Hawawi. Hao ni chotara, wamechanganywa makusudi huko kwenye mashamba ya kuku wazazi, ukiwazalisha wenyewe kwa wenyewe watoto wanatoka mchanganyiko, mmoja mkubwa mwingine mdogo, mmoja anataga sana mwingine hata hataki. Sio dhambi kuwatotolesha, wanaliwa vizuri tu, ila usilipe bei ya kifaranga cha kampuni.

Na uliza afya. Kundi ambalo limetoka kwenye ugonjwa wa kideri juzi, au kuku wanakoroma, au vifaranga vya pale vinaharisha mharo mweupe na kuganda nyuma, ondoka hata kama mayai ni ya bure. Ule mharo mweupe mara nyingi ni bakteria anayetoka kwa mama kupitia kwenye yai lenyewe, kifaranga anatotolewa anao, na kwenye mashine anawagawia wenzie wote. Yaani unanunua ugonjwa kwa trei.

Mayai yenyewe nachagua ya kati. Makubwa kupita kiasi yanakuwa na viini viwili hayatoki, madogo sana yanatoa vifaranga dhaifu, yenye ganda la mchanga mchanga au lililopinda naacha, na ya tembe anayeanza kutaga naacha mpaka atage kwa wiki kadhaa. Habari ya kwamba yai lililochongoka ni jogoo na la mviringo ni mtetea ni stori tu, nimezisikia sana na bibi naye anaiamini, sijabishana nae. Kinyesi kikiwa kidogo nakwangua kwa kitu kikavu, sioshi. Yai lina utando juu ya ganda unaoziba vitundu, ukiosha umeutoa, na uchafu wote unaingia ndani na maji, yai hilo ndo linakuja kupasuka ndani ya mashine siku ya kumi na ngapi huko na harufu yake hutoisahau.

Usafiri sasa. Bodaboda na barabara ya vumbi ya kijijini, si unaijua. Mi naweka mayai kwenye ndoo na pumba za mpunga, zipo za kumwaga huku, safu ya pumba safu ya mayai, ncha kali ikiangalia chini, na ndoo naipakata mwenyewe mbele siifungi nyuma kwenye keria. Kwenye ule upande butu kuna kichumba cha hewa na kwa mtikisiko mkubwa kinaachia, hewa inatembea ndani ya yai, yai kama hilo uwezekano wa kutoa ni mdogo. Kuna wakati niliagiza mayai kutoka Urambo yakaja kwa treni, ameniletea mtu mwema kabisa, ila alipoyaweka kati ya mizigo ya watu mi simo, nilipoyamulika nikaona kichumba cha hewa kinacheza kwenye mengi yake. Nikayasimamisha ncha chini, bila kuyageuza, yakae siku nzima yatulie ndo yaingie, na mengine yalijitahidi yakatoka ila nusu yake hayakufika popote. Hata yanayotoka karibu usiyaingize moto moto toka safarini, yape usiku mzima yapumzike kwanza.

Na hapa Tabora kuna jambo moja ambalo vitabu vya kule kwenye baridi havitilii mkazo. Joto la ndani ya nyumba. Septemba na Oktoba kabla ya mvua nyumba ya bati hapa mchana ni moto, yai likikaa kwenye joto la 28, 30 huko halitulii, linaanza kukua kidogo kidogo bila nguvu, usiku linapoa, kesho linaanza tena, linakufa taratibu we unadhani unakusanya mayai kumbe unakusanya maiti. Inatakiwa nyuzi 13 mpaka 18 hivi, na friji la nyumbani sio jibu maana lenyewe liko kwenye 4, baridi mno. Ninachofanya, mayai yanakaa sakafuni kwenye kona ya chumba cha kaskazini pembeni ya mtungi wa maji, ule wa udongo unaotoa jasho, na beseni la mchanga niliolowesha chini ya trei bila kugusa mayai. Haifiki 18 sidanganyi, ila inapunguza sana, na kwa miezi hiyo sikai na yai zaidi ya siku nne tano. Bibi naye nimemwambia akusanye mara mbili kwa siku asiyaache kwenye kiota mpaka jioni.

Kwenye mashine sitakaa sana maana karatasi yake inakuja nayo na fundi yeyote atakuelekeza. Yenye feni unaweka nyuzi 37.5, isiyo na feni joto la juu na la chini halilingani kwa hiyo unapima usawa wa juu ya mayai na unaweka 38.5 hivi. Kugeuza angalau mara tatu kwa siku mpaka siku ya 18 kama haijigeuzi yenyewe. Matundu ya hewa usizibe. Ila usiamini namba ya kwenye kioo cha mashine! Nenda duka la dawa nunua kipimajoto cha homa, chukua na kipimajoto unachoweka ndani ya mashine, vitumbukize vyote kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu uangalie vinatofautiana kiasi gani, nusu nyuzi tu ikizidi kwa siku zote 21 inaleta vifaranga mapema na vitovu vibichi, ikipungua vinachelewa na kutoka vimechoka. Na kipima unyevu nacho kina dawa yake, chumvi. Weka chumvi ya kupikia kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji ilowane tu isiyeyuke yote, iweke pamoja na kipima unyevu kwenye mfuko wa plastiki ufunge kabisa, kesho yake asubuhi kinatakiwa kisome asilimia 75. Kikisoma 68 basi ujue kila siku unaongeza 7. Watu wanakesha na mashine wanaongeza maji wanapunguza maji kumbe kifaa chenyewe kinadanganya.

Unyevu huku ndo unatusumbua kuliko joto. Siku 18 za mwanzo unatakiwa uwe kwenye asilimia 45 mpaka 55, zile tatu za mwisho 65 mpaka 70. Kiangazi hewa ya Tabora ni kavu mno, mabakuli yaliyokuja na mashine hayatoshi, na watu wanakosea wanaongeza kina cha maji wakati unyevu unaletwa na upana, kwa hiyo sahani bapa pana ni bora kuliko kikombe kirefu, na kitambaa kilicholowa nusu yake kikining'inia nje ya maji kinasaidia zaidi. Masika mambo yanageuka, unaweza ukaweka maji kidogo sana au usiweke kabisa mpaka siku ya 18. Kitu kilichonisaidia ni mzani mdogo wa kupimia dhahabu, hii ambayo wachimbaji wadogo wa Nzega wanatumia, shemeji yangu alikuwa nao hautumii. Yai linatakiwa lipungue uzito kama asilimia 11 mpaka 13 toka siku ya kwanza mpaka ya 18 kwa sababu ya maji yanayotoka. Yai la gramu 50 lifike 44 hivi. Napima mayai machache niliyoyaandika namba kwa penseli, likipungua haraka naongeza maji, lisipopungua napunguza maji. Tangu nimeanza kupima nimeacha kubishana na kipima unyevu.

Umeme. Ukikatika mwanzoni mwanzoni kwa masaa mawili matatu sio msiba, hata kuku mwenyewe anashuka kwenye mayai kila siku kwenda kula na kunywa. Usifungue, funika mashine na blanketi ukiacha matundu ya hewa, ukikaa sana weka chupa za maji ya moto pembeni. Kwenye wiki ya mwisho vifaranga vyenyewe vinatoa joto, vinastahimili baridi ila vinataka hewa kwa hiyo hapo usivifunike ukavinyonga. Kinachoua haraka ni joto kuzidi, ikipita 40 ikakaa hapo hamna kitu. Na jiko la mkaa usilete chumba hicho, moshi ule usioonekana unaua vifaranga na unakuua na wewe. Kuhusu Luku sisemi, kama unaweza kununua yai unaweza kununua uniti.

Mi mpango wangu wa akiba ni kuku. Nahakikisha nina mtetea wa kienyeji aliyeanza kulalia siku hiyo hiyo ninayowasha mashine, nampa mayai yake kumi hivi, chini ya kiota naweka majani makavu ya tumbaku kwa ajili ya utitiri, hiyo ni ya wazee wa huku na inafanya kazi kweli. Baadae nikishapiga tochi kuona yenye uhai nikatoa mabovu, namjazia yeye nafasi kutoka kwenye mashine au kinyume chake, na siku vikitotolewa namuingizia vifaranga vya mashine usiku wakati haoni vizuri, asubuhi anaamka ana watoto wengi wala hahesabu.

Kupiga tochi nafanya siku ya 7, usiku, taa zimezimwa. Nimekata tundu kwenye boksi la viatu, tochi ya simu ndani, yai juu ya tundu upande butu. Lenye uhai unaona mishipa myekundu imesambaa toka sehemu moja, na katikati kuna nukta nyeusi, hiyo ni jicho, na ukiwa na subira ukashika bila kutetemesha mkono unaiona nukta inajisogeza, inapanda inashuka. Mwanangu wa mwisho alipoiona hiyo akaninong'oneza mama kananiangalia. Lisilo na mbegu linang'aa tupu, kiini kinaelea kivuli tu. Na kuna lile lenye duara moja la damu limezunguka bila mishipa, hilo lilianza likafa. Ganda la kahawia lililoiva linasumbua kuona, hayo subiri mpaka siku ya 10. Narudia siku ya 18 kabla ya kuyalaza, yaliyosimama njiani natoa.

Siku ya 18 naacha kugeuza, naongeza maji, nafunga. Hapo ndo majaribu. Siku ya 20 unasikia vinalia ndani ya mayai, kimoja kinatoboa, nyumba nzima inataka kufungua. Usifungue! Kila ukifungua unyevu unatoka na ule utando mweupe wa ndani unakauka unamgandia kifaranga anashindwa kujigeuza. Toka anatoboa mpaka anatoka inaweza kuchukua masaa 12 mpaka 24, kwa muda huo anavuta kiini kilichobaki kuingia tumboni na damu inarudi kwenye mwili wake, ukimbandua ganda kwa huruma unamtoa na damu na kitovu wazi. Hana njaa, kile kiini kinamtosha siku mbili na zaidi bila kula wala kunywa, acha akauke humo humo.

Af sasa sehemu ambayo watu wengi hawataki kuifanya, mayai viza. Yaliyobaki usitupe, nenda nayo nyuma ya nyumba yapasue moja moja, vaa kitu puani. Hapo ndo unajua umkamate nani. Ukikuta jeupe tupu, hakuna kilichoanza, hiyo ni kesi ya jogoo, au yai la zamani mno ambalo mbegu ilikufa kabla. Ukikuta duara la damu au kitu kidogo kidogo cha siku tatu nne, hiyo ni utunzaji, joto la kwenye nyumba, safari, au ndoo ya mchuuzi, mara chache joto la mashine siku za mwanzo. Vikifa katikati, wiki ya pili, mi naangaliaga chakula cha wazazi, kuku anayekula pumba tu bila majani wala wadudu yai lake linakosa vitamini za kumfikisha kifaranga mwisho, nikamwambia bibi awe anawatupia matembele na mchicha na wale kumbikumbi wa mvua asiwamalize peke yake. Kifaranga kamili kimejaa na hakikutoboa, hapo ndo mashine, ama unyevu ulizidi yai halikupungua uzito akakosa hewa, ama matundu yalizibwa. Ametoboa akafia hapo hapo utando umemganda, unyevu ulikuwa mdogo siku za mwisho au kuna mtu alikuwa anafunguafungua, na kwangu huyo mtu namjua na ndo maana mashine sasa inakaa chumba chenye funguo.

Nilipoanza kuhesabu hivo viza kwa makundi ndo nikaona kwa macho yangu kwamba viza vya mashine ni vichache, rundo kubwa ni lile la kwanza na la pili. Nikaacha kabisa habari za kutafuta mashine kubwa zaidi, nauli ikaenda Uyui.

Vikishatoka kuvilea ni stori nyingine ndefu, kwa kifupi joto wiki ya kwanza 32 mpaka 35, unashusha kama nyuzi 3 kila wiki, na vyenyewe vinakwambia, vikijikunja pamoja chini ya taa vina baridi, vikikimbilia pembeni midomo wazi vinaungua. Maranda makavu chini sio gazeti, linateleza miguu inaachana. Chanjo ya kideri siku ya 7, gumboro wiki ya pili na kurudia wiki ya nne, ndui kwenye wiki ya sita mpaka ya nane.

Kideri ile chanjo ya tone la jicho, I-2, inatengenezwa hapa hapa nchini na inavumilia joto kuliko zingine, ndo maana inafaa vijijini, ila usiiache juani kwenye mfuko wa bodaboda. Kila miezi mitatu minne unarudia. Mi na bibi tumewekeana utaratibu, chanjo napeleka mimi nachanja kuku wake wote na wa majirani zake wawili maana ukichanja zizi moja wakati kuku wanachanganyikana umefanya kazi bure, na yeye ananiwekea mayai ya wiki hiyo tu, ameshaanza kuandika tarehe kwa mkaa juu ya ganda. Yule jogoo mwekundu ameshaondoka sasa, na mwanae hatumuachi na dada zake kwa sababu ndugu wakizaliana mayai yanaanza kugoma na vifaranga vinatoka dhaifu, kwa hiyo Jumamosi naenda na jogoo wangu mmoja wa singamagazi tubadilishane. Bibi ameuliza kwenye simu kama ana fujo. Nimemwambia ana fujo kidogo ila miguu iko sawa.